Sura ya Sita: Kula kwa Saa ya Bahari

Mgeni wa siku moja huondoka Dar es Salaam Jumamosi baada ya chai, hufika Bagamoyo adhuhuri, huzunguka magofu ya Kaole na makumbusho ya misheni, kisha huagiza chipsi kuku hotelini huku akingoja jua lipungue. Jioni yuko kwenye foleni Tegeta. Akiulizwa amekula nini pwani, jibu lake ni lile lile ambalo angelitoa akiwa Sinza. Sura hii nimeiandika kwa ajili yake. Katika kipande hiki cha pwani, kuanzia Mapinga, Kerege na Zinga hadi Bagamoyo mjini na Nunge, chakula ni kivutio kikubwa kuliko ukuta wowote wa matumbawe, na hakionekani vizuri mpaka ujue kwanza maji yako wapi.

Magofu hayaondoki. Msikiti wa Kaole, ambao wataalamu wa mambo ya kale wanauweka katika karne ya 13, utakungoja hadi alasiri. Pweza hatakungoja. Yeye huchokolewa maji yakipwa, na mwani huvunwa maji yakipwa. Dagaa huja usiku wa giza, kamba hunenepa na mvua, chumvi hutaka jua kali. Kila kitu unachotamani kula huku kina saa yake, na saa hiyo haifanani na saa ya hoteli.

Kuisoma saa hiyo si kazi ngumu. Bahari hupwa mara mbili na kujaa mara mbili kwa siku, na kila kesho huchelewa kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa mpaka kwenye mikoko na hupwa mbali sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, maji hufa. Wavuvi husema "maji mafu", yaani bahari hainyanyuki sana wala haishuki sana, na mwamba haukauki vya kutosha mtu kuutembea. Pwani yetu ina bahati moja inayomfaa msafiri: siku za bamvua, maji hupwa kabisa kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, wakati ambao mtu aliyetoka Dar alfajiri amekwishafika na amekwishakunywa chai.

Basi kabla ya kupanga safari, itazame kalenda ya ukutani, ile ya misikitini na madukani yenye tarehe za Kiislamu kwa tarakimu ndogo pembeni. Tarehe 1 hadi 4 za mwezi mwandamo, na 15 hadi 18, ni bamvua. Tarehe 7 hadi 10, na 22 hadi 25, maji yamekufa. Mtu wa kijiji cha Mlingotini hahitaji kuangalia popote, anajua tangu utotoni. Wewe na mimi tunahitaji kalenda.

Daladala za Bagamoyo huondoka kituo cha Makumbusho. Shuka Zinga, usipitilize. Wengi huiona Zinga kupitia dirishani: maduka, vijiwe vya bodaboda, mafungu ya matunda kando ya lami kulingana na msimu, maembe kuanzia Novemba, mananasi ya Kiwangwa, korosho za kukaanga kwenye vifuko. Hapa ndipo pa kula chai. Mama ntilie wa njia hii hupika mbaazi za nazi, na mbaazi za nazi kwa maandazi ni kifungua kinywa ambacho hakijapata heshima yake. Mbaazi huchemshwa mpaka ziive bila kupasuka, hutiwa tui jepesi zichemke tena na kitunguu na chumvi, na mwisho kabisa tui zito, lililokamuliwa kwanza, humiminwa moto ukiwa umepunguzwa na mwiko ukizunguka pole pole. Tui zito likichemka kwa nguvu hukatika, mafuta hujitenga na maji, na chungu kizima huharibika. Ukiona mbaazi zina mchuzi mweupe, laini, unaoshika kwenye andazi, ujue aliyepika alisimama pale hadi mwisho.

Kutoka barabarani bodaboda hukupeleka Mlingotini, kijiji cha kata hii hii ya Zinga, kupitia mikorosho, miembe na minazi. Ghuba yake imekingwa na ulimi wa mchanga, maji yake ni tulivu, na kwa sababu hiyo wanawake wa hapa wamepanda mwani kwa miaka mingi. Kilimo cha mwani kwa biashara kilishika Zanzibar mwaka 1989, kikavuka kuja bara. Ukifika wakati wa bamvua utayaona mashamba yenyewe: mambo, yaani vigingi, yamechomekwa mchangani kwa safu, kamba zimefungwa kati yake, na kwenye kila kamba vipande vya mwani vimening'inizwa kwa vijikamba wanavyoviita tai-tai. Akina mama wako kwenye maji ya magotini, kanga zimefungwa viunoni, wanavuna kilichokua na kufunga mbegu mpya. Mwani hukomaa kwa wiki sita hivi. Unaofuata ni mzigo wa maji ya chumvi kichwani mpaka ufukweni, kisha kuanika, na kuanua haraka mvua ikitishia.

Wanalima aina mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei, lakini haivumilii maji ya moto, na kadiri bahari inavyopata joto imekuwa ikioza kwenye maji mafupi. Kwa hiyo mkulima anayetaka bei nzuri hana budi kwenda kina kirefu, na huko panahitaji chombo na kujua kuogelea, vitu ambavyo wanawake wengi wa pwani hawakupewa nafasi navyo. Sehemu kubwa ya mwani mkavu husafirishwa nje, hutolewa utomvu wa karajinani wa kuzitia uzito aiskrimu, dawa ya meno na maziwa ya viwandani. Kinachobaki hapa vikundi vya akina mama hukigeuza sabuni, mafuta ya kujipaka, achari na juisi. Wageni hununua sabuni. Mimi nakuomba uulizie juisi. Mwani husafishwa mpaka chumvi iishe, huchemshwa, husagwa, hutiwa tangawizi, limau au nanasi. Ni nzito kooni, na ladha ya mwani wenyewe ni ndogo sana, lakini ndicho kinywaji pekee ninachokijua katika njia hii kilichotoka kwenye mikono ya mtu uliyemwona shambani asubuhi ile ile.

Adabu za shambani ni chache. Salimia kabla ya lolote, na aliyekuzidi umri mpe shikamoo yake. Usikanyage kamba. Usipige picha mpaka umeruhusiwa, kwa kuwa mtu aliyelowa hadi kiunoni hapendi kuwa pambo la simu ya mgeni. Nilipomwomba mama mmoja anieleze kazi yake, aliniitikia marahaba, akanitazama viatu, akasema, "Mwanangu, vua hivyo uje huku, nikueleze mikono ikifanya kazi. Maji hayanisubiri." Nilishika kamba upande mmoja naye upande mwingine, na maelezo niliyapata hivyo, fundo baada ya fundo.

Kwenye mwamba wa nje, saa hiyo hiyo, watu wanatafuta pweza. Hutembea na fimbo yenye ncha ya chuma, macho chini, wakisoma dalili: shimo lenye vipande vya magamba ya kaa na kombe mlangoni ni nyumba ya pweza, kwa sababu hutupa nje masalia ya chakula chake. Kanuni za uvuvi za Tanzania zinakataza kumvua pweza aliye chini ya gramu 500. Ni sheria nzuri, na mlaji ana nguvu kubwa ya kuilinda kuliko askari yeyote: ukiletewa pweza wa kuenea kiganjani, usimnunue. Pweza hukua haraka mno, miezi michache ya kuachwa hubadili uzito wake kabisa, na ndiyo maana vijiji vya Mafia na Kisiwa Panza kule Pemba vimejaribu kuyafunga maeneo ya mwamba kwa muda, kisha kuyafungua wote wavune pamoja.

Pweza mzuri hupigwapigwa kwanza alainike, kisha hubandikwa bila maji. Hutoa maji yake mwenyewe, ya rangi ya zambarau iliyoiva, na humo ndimo anamoivia. Wapishi wa Dar wanaouza supu ya pweza jioni mitaani, kwa vikombe vidogo na ndimu na pilipili, wanaitegemea rangi hiyo. Kijijini humalizia kwa tui na bizari. Kama umepata mwenyeji wa kukupikia, kubali wali wa nazi kuwa ndio wa kuambatana nao, wala usiulizie ugali.

Niseme zaidi kuhusu nazi, kwa sababu bila hiyo hakuna lolote kati ya haya. Dafu utauziwa njia nzima, na muuzaji hodari hubisha kwa kisu na kusikiliza. Kabla ya dafu kulikuwa na kidaka, halafu kitale; baada ya dafu huja koroma, ambalo maji yake yamepoteza utamu na nyama yake bado haijafaa kukunwa; mwisho ni nazi. Omba dafu la kitamli ukibahatika, ule mnazi mfupi wenye matunda ya rangi ya chungwa, maji yake ni matamu zaidi. Muombe pia muuzaji alipasue ukishakunywa, achonge kijiko kutoka kwenye kumbi, ule ile nyama laini ya ndani. Wageni wengi hutupa nusu ya chakula chao hapo.

Minazi yenyewe inapungua. Ugonjwa wa kunyong'onyea umeua minazi mingi katika pwani ya bara, na kituo cha utafiti cha Mikocheni, kilichozaliwa na mradi wa taifa wa minazi tangu miaka ya 1980, kimehangaika nao muda mrefu. Mingine imekatwa ikawa mbao, na mingine imepisha viwanja, maana ardhi ya Kerege na Zinga leo inauzwa kwa mita za mraba. Ninapoona shamba la minazi limewekewa mawe ya mipaka, nahesabu vyungu vya mbaazi vilivyopotea.

Kutoka Zinga hadi Bagamoyo mjini ni mwendo mfupi, na njiani unakiacha upande wa bahari chuo cha uvuvi cha Mbegani, kilichojengwa kwa msaada wa Norway. Mjini nenda moja kwa moja ufukweni, jirani na jengo la zamani la forodha la Wajerumani, walioufanya mji huu makao makuu ya utawala wao kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891. Vyombo hutia nanga pale, na samaki hushushwa mabegani mpaka mnadani.

Mnada wa samaki ni onyesho ambalo halihitaji tiketi. Dalali husimama katikati, fungu liko chini kwenye mchanga au kwenye ndoo, na bei hupanda kwa sauti yake na kwa nyusi za wanunuzi. Changu, kolekole, tasi, vibua, ngisi, taa, nguru. Mgeni asijitose kwenye mnada. Anachukua nafasi ya mchuuzi anayetafuta riziki ya siku, na bei ataikosea. Asubiri hatua chache nyuma, kwenye karai. Hapo wakaangaji wameshanunua, wameparua, wametia chumvi, na mafuta yanachemka juu ya kuni. Chagua samaki kwa kidole, mle kwa mkono wa kulia, na ndimu, na pilipili iliyopondwa, na mihogo ya kukaanga pembeni. Mihogo ya Coco Beach ina jina kubwa, na inastahili, lakini kibua aliyekuwa baharini alfajiri hapatikani Coco Beach.

Usiku wa giza la mwezi kuna jambo la pili la kutazama: taa za wavuvi wa dagaa mbali kwenye maji. Dagaa hufuata mwanga, na mbalamwezi ikiwaka taa hazina kazi, kwa hiyo siku za mwezi mpevu wavuvi wengi wa dagaa hupumzika na kushona nyavu. Asubuhi inayofuata usiku wa giza, dagaa huchemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa, na wengine hukaangwa hapo hapo. Wale wangali na joto. Wakipoa ni kitoweo kizuri, wakiwa moto ni kitu kingine.

Kamba ni habari ya masika. Mto Ruvu unapofurika unabeba rutuba hadi kwenye mikoko na kusukuma kamba nje ya delta yake, na kuanzia Machi nyavu za Bagamoyo hadi Saadani huwa nzito zaidi. Mchuzi wa kambamiti kwa nazi na ukwaju utaupata hata hotelini. Ulizia tu kama wamelala kwenye barafu, na tangu lini.

Chumvi ipite kwa haraka. Kaskazini ya mji, kuelekea Nunge, maji ya bamvua huingizwa kwenye mabwawa mapana, hufungwa, na jua la kiangazi huyakausha mpaka chumvi isimame kwenye mafungu meupe. Ukipita wakati wa mvua hutaona kitu.

Vitabu vya wageni kuhusu Bagamoyo huorodhesha majengo: ngome, boma, kambi ya misafara, kanisa ulikolazwa mwili wa Livingstone mwaka 1874 kabla ya kuvushwa. Mwenyeji aliutazama mji wake kwa namna nyingine. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa huku aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin mwaka 1900, alikuwa chanzo kikuu cha Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokichapisha Carl Velten mwaka 1903, na humo mji ni watu: kuzaliwa kwao, ngoma zao, harusi na karamu zao, safari zao za bara. Mji huo ulilisha watu wengi kuliko idadi ya wakazi wake. Maelfu ya wapagazi, Wanyamwezi wengi wao, waliteremka na pembe za ndovu, wakakaa kwa wiki na miezi wakingoja mzigo wa kurudi, na posho yao ilipimwa kwa kibaba cha nafaka kila siku. Ukipita leo mtaa wa zamani jioni, milango iliyochongwa ni ya kutazama kweli, lakini tazama pia barazani chini yake: mwanamke mwenye karai la vitumbua, sinia la kachori, ndoo ya juisi ya ukwaju. Kazi hiyo ya kumlisha mpita njia ni ya kale kuliko milango mingi.

Baada ya Isha huja kahawa. Muuzaji hubeba dele lenye makaa chini yake, hugonganisha vikombe vidogo mkononi ili asikike, na humimina kahawa chungu isiyo na sukari. Utamu uko kwenye kashata, ya karanga au ya nazi. Kaa kwenye benchi, msikilize anayezungumza, lipa kwa vikombe ulivyokunywa. Tembo la mnazi nalo lipo pwani hii, na mgema hupanda asubuhi na jioni kulikusanya. La asubuhi ni tamu na jepesi, la mchana limeshachacha. Huu ni mji wa Waislamu wengi, kwa hiyo mwenye kulitaka hulifuata pembezoni linakouzwa, hulinywa hapo hapo, na hapiti nalo mbele ya msikiti.

Maji haya yana wengine wanaoyataka. Mwaka 2013 Tanzania ilitia saini na kampuni ya China Merchants makubaliano ya kujenga bandari kubwa eneo la Mbegani, Oman nayo ikaingia, na wakazi wa vijiji kama Pande na Mlingotini wakafanyiwa tathmini ya mali zao. Mradi ulisimamishwa mwaka 2019, kisha mazungumzo yakafufuliwa mwaka 2021. Bandari huleta ajira, na vijana wa Zinga wanazihitaji. Lakini gati la meli kubwa hutaka kina, na kina huchimbwa kwenye ghuba hizi hizi za maji mafupi wanamosimama akina mama wa mwani. Ninataka wapangaji waje Mlingotini siku ya bamvua, saa tano asubuhi, wayaone mashamba hayo kwa macho kabla ya kuchora mstari mwingine kwenye ramani. Na msomaji asiahirishe safari yake.

Iwapo safari yako itaangukia Ramadhani, saa ya bahari inaipisha saa nyingine, ingawa zote mbili ni za mwezi. Mchana makarai yamefunikwa na mama ntilie wengi hawapiki. Asiyefunga ale kwa siri na adabu. Mvuvi anaenda na kurudi kama kawaida, na samaki wa mchana anangoja Magharibi. Jua likizama hutoka vyakula ambavyo miezi mingine huvioni pamoja: muhogo na magimbi ya nazi, viazi vitamu, tambi za sukari, uji wa pilipili manga, kalimati, tende. Watu hufuturu barazani, na anayepita huitwa. Ukiitwa "karibu", usijibu "asante" ukaendelea na njia yako. Kaa, nawa, ule. Na ukialikwa nyumbani mapema, peleka tende au kilo mbili za sukari, na ufike kabla ya adhana.